Mlango wa Kokwijuka

Giza lilikuwa linaanza kuingia mwalimu Adventina alipochukua ndoo na kuteremka kilima kutafuta maji ya chai. Wanafunzi wake wa kidato cha tatu walibaki juu, wakiwasha moto kando ya lori. Ilikuwa mwaka 1981. Walitoka Muleba alfajiri, wakavuka mpaka pale Mutukula, kuja kuona mahali ambapo vita vilipiganwa miaka miwili nyuma.

"Ngoja nikusindikize, mwalimu," alisema Rugaibula.

Rugaibula, mwalimu wa siasa, alikuwa mgambo katika vita vile. Mchana kutwa aliwaonyesha wanafunzi mahandaki, akawasimulia jinsi alivyoponyoka peke yake adui walipowazingira. Wanafunzi walimpigia makofi. Adventina pia alipiga.

Bondeni, katikati ya migomba, waliona nyumba ya nyasi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na mwanga hafifu wa moto.

"Hodi," Adventina aliita.

Akaita tena.

Kisha sauti ya mwanamke, ya chini, ikajibu kwa Kihaya cha mpakani.

"Karibuni, waitu. Maji yapo. Mwanamume aingie ayabebe."

Rugaibula akainama, akaingia. Adventina alibaki nje. Ndipo harufu ikamfikia. Nyasi zilizoungua. Nywele zilizoungua.

Mle ndani sauti ikanong'ona:

"Umenona, Rugaibula."

Mlango ukajifunga. Paa!

Ndoo ikamponyoka Adventina. Rugaibula akaanza kuugonga mlango, kwanza kwa ngumi, kisha kwa mwili mzima.

"Mwalimu! Fungua! Moto!"

Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyufa. Adventina akaukimbilia mlango, akashika gogo lililoukaza kwa nje. Mikono ikamganda. Mtu alikuwa anapumua sikioni mwake. Pumzi kavu, ya moto...

"Muulize kwanza. Nani aliliweka gogo hili?"

Hakutaka kuuliza. Alijisikia anauliza.

"Rugaibula, nani aliweka gogo?"

Kugonga kukakoma.

"Mimi," alilia. "Kokwijuka, mwenye nyumba hii, alinificha chini ya kitanda. Niliposikia adui wanakuja, nikatoka. Nikamfungia yeye na mtoto wake, wasije wakanifuata wakaniponza. Nyumba ikachomwa. Niliwasikia, mwalimu. Sikurudi... Kokwijuka, nisamehe! Mawe, mama wee, nakufa!"

Hapo Adventina alilivuta gogo kwa nguvu zake zote, akaanguka chali.

Hapakuwa na gogo.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nguzo moja nyeusi na nyasi za kufika kiunoni. Rugaibula alikuwa amejikunja katikati yake, viganja vimejaa malengelenge. Nyasi alizolalia zilikuwa mbichi.

Wanafunzi waliambiwa kwamba mwalimu wao ameangukia jiko la watu. Viganja vilipona. Lakini tangu siku ile Rugaibula hakuweza kulala ndani ya nyumba. Alilala shambani kwake, juu ya majani makavu ya migomba, na mkewe Klaudia alimfuata kumfunika blanketi.

Jioni moja Adventina alikwenda kumwona. Alipomkaribia, Rugaibula alijivuta nyuma kwa matako mpaka mgongo ukagota kwenye mgomba.

"Nilichungulia kwenye ufa," alinong'ona. "Kokwijuka alikuwa mle ndani na mimi. Amekaa, amempakata mwanawe, ametulia. Hakunigusa hata kidogo."

"Sasa nani aliyekuwa..."

"Wewe. Ulikuwa unausukuma mlango kwa bega. Ulikuwa unacheka, mwalimu."

Adventina alitaka kukataa. Badala yake akasimama. Alimuaga Klaudia, akashika njia ya kurudi, mwendo wa haraka. Aliyawaza yale makofi aliyompigia Rugaibula kule kilimani, akamwaza mtoto wa Kokwijuka, akatamani Rugaibula aungue tena.

Alipofika barabarani ndipo aligundua kwamba mashavu yanamuuma, kama ya mtu aliyecheka kwa muda mrefu sana.