Mkeka Usiokaliwa

Ndege kutoka Mwanza ilisikika, haikuonekana. Watu waliojaa uwanja wa ndege wa Bukoba walikodolea macho mawingu, na Renatha, mwalimu wa Muleba aliyekuja kumpokea shangazi yake, alirudi nyuma akamkanyaga kijana mmoja.

"Samahani, kaka."

"Kanyaga na mguu huu mwingine, usije ukaona wivu."

Aliitwa Rwekaza, mwongoza ndege aliyekuwa ametoka zamu, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi.

"Mbona haitui?" Renatha aliuliza.

"Iko kwenye *holding pattern*. Inazungushwa juu ya ziwa mpaka mawingu yafunguke. Waingereza humsema hivyo hata mtu ambaye mambo yake hayaendi mbele wala hayarudi nyuma, anasubiri tu."

"Na mafuta yakipungua?"

"Inarudi Mwanza. Lakini wewe usirudi Muleba kabla hujanipa namba."

Renatha alicheka, kitenge chake cha manjano kikimpendeza hata kwenye manyunyu. Namba aliitoa.

Walipendana kweli, tusiwapunje. Simu hazikukatika. Ila kila Renatha alipomwomba aende Kaagya kujitambulisha kwa baba yake, mzee Karugendo, ambaye yeye alimwita Tata, Rwekaza alikuwa na jibu.

"Mpenzi, sisi tuko kwenye *holding pattern*. Nyumba ninayojenga ikipauliwa tu, naja na wazee, pombe ya rubisi na kahawa ya kutafuna."

"Tata hana haja na bati lako. Ini lake limeisha, Rwekaza. Anataka kuipokea kahawa kwa mkono wake."

"Nitaendaje kwa mzee kama yule mimi ni mpangaji? Nivumilie, waitu, nakuomba."

Ilikuwa aibu, naye akaiita heshima. Mzee Karugendo alitandika mkeka mpya sebuleni kwa ajili ya mkwe, akakataza usikaliwe na mtu mwingine. Akafa akiutazama.

Rwekaza alifika msibani amevaa suti nyeusi, mkononi ana kahawa iliyofungwa kwa jani la mgomba. Kaburi lilichimbwa ndani ya kibanja, katikati ya migomba. Watoto walipokwisha kuweka udongo, mwongoza ratiba Datius aliita, "Sasa wakwe."

Rwekaza akasimama.

"Wewe umeoa nani hapa, ndugu yangu?" Datius aliuliza kwa upole, kipaza sauti mdomoni.

Watu wote waligeuka. Rwekaza alimtazama Renatha. Renatha angeitikia kwa kichwa tu, ingetosha. Lakini aliukumbuka ule mkeka, akainamisha uso.

"Basi kaa kidogo. Majirani na marafiki mtaitwa."

Akaweka udongo wake pamoja na majirani.

Watu walipotawanyika alimfuata Renatha mlangoni.

"Nyumba imepauliwa, Rena. Nimeileta kahawa."

"Nakupenda, na sijui nitaacha lini," Renatha alisema, machozi yakimtoka. "Lakini Tata alikuulizia hadi sauti ikamwisha. Mimi ndiye niliyekuwa namdanganya kwamba uko njiani."

Alipokea kahawa kwa mikono miwili, akaingia ndani kuiweka juu ya mkeka. Aliporudi alishika mwimo wa mlango, akamzibia njia.

"Rudi, Rwekaza. Mafuta yameisha."

Rwekaza aligeuka, akashika njia ya kurudi. Kwamba mafuta yakipungua ndege hurudi, ni yeye aliyemfundisha.