Mbegu Zilizopita Sebuleni

Risasi ya kwanza ilivunja taa ya Land Cruiser. Ya pili ilipotelea mlimani.

Marwan hakupunguza mwendo.

Mbele yake, kwenye kona za barabara ya Qurayyat, Omani, Hilux nyeupe ilikuwa ikikimbilia pwani na magunia ya mbegu za ngano yaliyoibwa alfajiri kwenye ghala la Rusayl. Boti ilikuwa inasubiri.

Redio ilikoroma. Alikuwa Nasr, mkuu wake kikosini, akimwita kwa jina la redioni.

"Kipanga, wamwona?"

"Nnamwona."

"Usimpoteze. Mbegu hiyo hatuna nyingine."

Nasr hakupiga chuku. Ngano hiyo ya msimu wa baridi ilikuwa imejaribiwa mlimani, jangwani na kwenye udongo wa chumvi. Mbegu nyingine zilijaza ghala mahali pamoja, kwingine zikatoa makapi. Hii haikuongoza kwa mavuno popote, wala haikumlaza mkulima njaa popote. Ikipotea, wakulima wangeuziwa zile za neema mwaka huu na kilio mwakani.

"Na Nambi?" Marwan aliuliza.

"Yuko uwanja wa ndege, arudishwa Uganda leo. Ashikilia kwamba hajui kitu."

"Wote husema hivyo."

Nambi alikuwa akimtunza mama yake Marwan. Jana, sebuleni, Marwan alizungumzia kwa simu ghala zilimofichwa mbegu, kwa Kiswahili, huku Nambi akimimina kahawa. Mgeni alikuwa mmoja tu, Loai, mfanyabiashara wa mbegu ambaye siku zote alizungumza nao Kiarabu. Familia ya Marwan, kama nyingi zilizotoka Unguja, ilizoea kuteta kwa Kiswahili mbele ya wageni kana kwamba imefunga mlango. Aliyeelewa, basi, ni Nambi. Marwan ndiye aliyemtaja kwa polisi.

Alitoa bastola yake dirishani, akafyatua.

Tairi la nyuma lilipasuka. Hilux ikajipigiza kwenye mwamba, mlango ukafunguka, dereva akatoka mikono juu.

Loai.

"Pole na mbio, Marwan," alisema, kwa Kiswahili laini cha pwani. "Miye nimekulia Tanga. Mlinipa kahawa, mkanipa halua. Nilikokulia hamkuniuliza."

Uso ulimwaka Marwan. Alimkumbuka Nambi asubuhi ile, polisi mlangoni, akimuuliza mama kama ameshameza dawa ya presha. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama hata mwizi aliyemkamata.

Angeweza kunyamaza. Mbegu zilikuwa zimepatikana, na Nambi alikuwa anaondoka.

Alishika redio. Kikosi kizima kilikuwa kinasikiliza.

"Mkuu, mbegu zipo. Nambi hana kosa. Aliyevujisha ni mimi."



"Wakabidhi wenzako bastola," Nasr alisema.

Marwan alimkuta Nambi uwanja wa ndege, begi mapajani, askari pembeni.

"Dada Nambi, nimekukosea. Nisamehe."

"Hawa askari wanajua?"

Marwan aliwageukia, akawaeleza yote kwa Kiarabu.

"Na Kiswahili," Nambi alisema. "Nisikie mwenyewe."

"Huyu si mwizi," Marwan alisema. "Siri niliitoa mimi, nikamsingizia yeye."

"Sauti, boss. Asubuhi uliponisingizia ulikuwa nayo."

Alirudia kwa sauti. Kwenye foleni ya ndege watu waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama. Walikuwa wameelewa kila neno.

Askari walimwambia yuko huru kubaki. Nambi alibeba begi lake, akaenda kupanda ndege. Hakugeuka nyuma.