Maji Yakitoka, Ujue Nimeamka

"Kaka, siondoki. Mume wangu bado ananikumbuka."

Kaka yake, fundi bomba, alilishusha begi alilokwisha kulibeba. Alikuwa amekuja kumrudisha nyumbani kwao, na hakutaka kuondoka mikono mitupu. Akamwuliza anakumbukwaje na mwanamume aliyekwenda kutafuta maisha mbali, na tangu wagombane hapokei simu wala hajibu ujumbe.

Mama Michungwa, kama majirani walivyozoea kumwita, akamwonyesha mipira ya maji iliyolala kwenye mashina ya michungwa. Siku ya kuondoka, mumewe aliweka programu ya kumwagilia kwenye simu yake mwenyewe, akamwahidi kwamba huko huko aliko atakuwa akiifungulia maji kila alfajiri.

"Maji yakitoka, ujue nimeamka na wewe moyoni."

Na maji hayakukosa. Simu ilinyamaza, koki ikasema. Kila alfajiri mke wa watu alijifunga shuka, akaenda kusimama kwenye mchungwa wa kwanza, na maji yakitoka aliyaitikia, "Salama, mume wangu." Kuambiwa, alikuwa haambiliki.

"Sasa umeolewa na mtu au na bomba?" kaka akamtania, kisha akaacha utani. "Mvua imenyesha usiku kucha. Leo yalifunguka?"

"Yalifunguka."

"Miti imesimama kwenye dimbwi, dada. Mtu anayekufikiria angefungua?"

Kaka akamweleza taratibu kwamba programu zile hupangiwa saa mara moja tu, basi, hujiendesha zenyewe hata mwenye simu awe amelala. Mama Michungwa alimsikia, na roho ikamwuma, lakini akanyoosha mkono kuomba simu ya kaka. Namba yake mwenyewe haikuwa ikipokelewa tena. Hii ngeni ilipokelewa mara moja.

"Mume wangu, ni mimi. Mbona unafungua maji na huku mvua inanyesha?"

Upande wa pili mumewe akauliza:

"Maji gani?"

Hakulia. Alimrudishia kaka simu yake, akamwambia begi libaki hapo hapo mlangoni, wataondoka kukipambazuka. Kaka akakubali, akajinyoosha kwenye kochi.

Alfajiri koki ikafunguka, maji yakatiririka juu ya matope. Alijua kwamba hakuna aliyeyafungua. Alijaribu kulala, akashindwa. Akajifunga shuka, akalipita begi pale mlangoni, akaenda kusimama kwenye mchungwa wa kwanza.

"Salama, mume wangu," akaitikia.