Kipanya Mfukoni mwa Maranga

Truphena aliandika herufi mbili, l na s, akabonyeza Enter. Majina ya faili yakamiminika kwenye skrini nyeusi.

Mengi mno.

Kontena la chuma lilikuwa limefungwa kwa nje, na jua la machimbo ya dhahabu ya Macalder lilikuwa likilipika. Alikuwa ameingia akijifanya muuzaji wa vipuri vya mashine za kusaga mawe. Maranga, mlanguzi wa dhahabu, hakumwamini. Alimnyang'anya simu, akatia kufuli, akaenda kuwaita wakubwa wake. Kompyuta aliiacha inawaka, ila kipanya chake alikitia mfukoni kama dereva anavyotia ufunguo wa gari. Ndivyo alivyofanya kila alipotoka, akiamini kuwa bila kipanya haiendi popote.

Truphena hakuhitaji kipanya.

Kiredio kidogo kama punje ya mahindi kilikwaruza sikioni mwake. Alikuwa Edith, mkuu wake katika upelelezi, ndani ya Land Cruiser nyuma ya soko.

"Shimo lipi?"

"Bado."

Mwenzao Wesley alikuwa amefungwa chini ya shimo mojawapo la zamani, na vijana wa Maranga wangelifukia kabla ya jioni. Mashimo yalitapakaa kote. Kufungua faili moja moja kungemzika Wesley.

Aliandika grep, amri inayopekua maandishi ndani ya faili, akaongeza neno "mgeni", jina ambalo vijana wa Maranga walimwita Wesley, akaiagiza iingie kila folda.

Kimya. Jasho likadondoka kwenye kibodi.

Kisha mstari mmoja: Mgeni ako kwa shimo ya Bogonko. Fukieni.

"Bogonko," alinong'ona.

"Tumetoka."

Sasa ushahidi. Alichomoa flashi aliyoificha kwenye nywele, akaichomeka, akaandika cp, amri ya kunakili. Taa ikaanza kupepesa.

Nje, pikipiki ilizimwa. Funguo zikalia.

Hapakuwa na dirisha.

Aliegemeza bega mlangoni, akangoja. Kufuli lilipofunguka tu, alisukuma kwa uzito wake wote. Chuma kilimpata Maranga usoni, bastola ikaanguka. Truphena akaiwahi.

"Madam, tuongee," Maranga alisema, akijishika pua.

"Kaa chini, mzee."

Kiredio kikakwaruza tena. Sauti ilikuwa ya Wesley, kupitia redio ya Edith, imejaa vumbi.

"Nyaminwa, dada yetu, umekawia. Ulikuwa unasonga ugali?"

"Nilikuwa nachapa."

Polisi walipomchukua Maranga, Truphena alirudi kwenye skrini. Folda ya Homa Bay, yenye mauzo ya dhahabu ya Maranga, ilikuwa imenakiliwa. Ya Ntimaru, yenye siri za washirika wa Maranga wa ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imekataa: ilitaka nenosiri.

Edith akauliza kama amemaliza.

"Homa Bay, ndiyo. Ntimaru ni ya kesho."

Alizima kompyuta, akaibeba kwapani, akaelekea barabarani bila haraka.