Kofia Kwenye Kigingi cha Chuma

Ufa ulianza chini ya kitanda cha mtoto, mwembamba kama uzi, mama mtu akadhani ni unywele akaufagia, haukufagilika. Siku chache baadaye kidole kiliingia. Na kulikuwa na harufu ya vumbi la mawe yaliyotoka kulipuliwa kwa baruti, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha.

"Nyumba ya mpimaji nayo ina ufa," jirani alimtania mlangoni. "Mwambie Bwana Futi apime na kwake basi."

Bwana Futi ndiye mumewe. Kazi yake mgodini ilikuwa kupanda kila asubuhi lundo la mawe taka lililoinamia nyumba zao, kupima umbali kati ya vigingi viwili vya chuma, kimoja kila upande wa ufa wa kule juu, na kuandika kama mteremko unashika au unateleza. Mwezi mzima ufa ule ulipanuka. Kisha, katikati ya mvua, ukasimama tuli siku tisa. Bonde zima lilimshukuru, mkewe akatembea kifua mbele.

Siku hiyo ya tisa, mchana kweupe, alikuwa akimnyonyesha mtoto akasikia mawe yakibingirika chini ya sakafu, taratibu, kama mtu anayejigeuza usingizini, na sauti ikapanda kutoka kwenye ufa ikaita jina la mtoto, lile la kumbembelezea ambalo walilijua wawili tu, yeye na mumewe, na mtoto akaacha titi, akacheka, akanyoosha mkono kuelekea chini.

Alimbeba akakimbia peku hadi kibanda cha vipimo, chini ya lundo.

"Nani amelitaja jina la mwanangu?"

Mumewe alikuwa akichonga penseli. Hakuinua macho.

"Sema polepole, anasikia," alinong'ona. "Lundo lina mwenyewe. Nilimkuta amekaa ndani ya ufa. Alisema linashuka siku ileile, lifukie bonde lote. Nikamwomba alishikilie. Akataka nguo ya mtu mmoja wa nyumbani kwangu, nimfungie kwenye kigingi."

"Na wewe si mtu wa nyumbani kwako?"

Alipuliza vumbi la penseli.

"Tutapata mwingine, mke wangu. Bado vijana sisi."

Hakupiga kelele. Alichukua koti la kazi la mumewe kwenye msumari, akapanda na mtoto kifuani, mawe yakimkata nyayo, harufu ikimjaa puani hadi machozi yakamtoka, na juu kabisa akaiona kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe akiwa na mimba, imekazwa kwenye chuma kwa fundo la mumewe, analijua fundo lake, na alipoifungua lundo zima likashusha pumzi chini yake, kokoto zikaanza kuteleza, akalifunga koti haraka, mafundo mawili, matatu.

Kokoto zikasimama.

Akiwa nusu ya njia kushuka alikutana na mumewe. Anapanda. Mikono yake ilikuwa inakamata kila jiwe kujizuia, kucha zimeng'oka, lakini miguu ilikuwa inakwenda tu.

"Nishike," alisema. "Mama watoto, nishike mkono tafadhali."

Alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akasogea pembeni, akampisha.