Tangazo la Chumba cha Tisa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, kijana wa Bibi alipita kumjulia hali mama yake. Bibi alikuwa kitandani, chumba cha tisa cha jumba la kuuguzia wazee. Nyonga iliyovunjika madaktari walikuwa wameishona. Mdomo aliufunga mwenyewe.

"Mama, kunywa maji basi."

"Sinywi."

"Daktari amesema..."

"Daktari hajatangazwa!"

Kutangazwa ndiko kulikomchoma. Jumba lile lilikuwa na ghorofa nne. Mgonjwa akibonyeza kitufe, namba ya chumba chake iliwaka mapokezi. Karani alimuuliza shida yake kwa simu ya kitandani, akashika kipaza sauti, na spika zisizo na waya zikapasua habari kila ukumbi: "Muuguzi, chumba cha tisa! Bibi anaomba kupelekwa msalani!" Wapishi walisikia. Wageni walisikia. Muuza magazeti wa getini naye alisikia, akampa Bibi pole dirishani.

Basi Bibi akagoma kunywa maji. Midomo ikamkauka. Jana yake alijaribu kwenda msalani peke yake, na kama si jirani wa kitanda cha pili kumdaka gauni, angevunja nyonga ya pili. Jirani huyo alikuwa amefanya kazi mapokezi ya hoteli kubwa, wakamwita Mama Hoteli.

Kijana akamwita msimamizi wa jumba.

"Mama yangu, mtambo huu ni wa kisasa! Sauti inafika kila pembe."

"Ndiyo maana nataka kukutwanga kwa mkongojo huu."

Msimamizi akacheka, akaenda zake msalani na gazeti kwapani.

Bibi akamgeukia mwanawe. "Nisukume mpaka mapokezi."

Kiti cha magurudumu kilipofika, alimpokonya karani kipaza sauti, akakohoa kwa heshima zote.

"Tangazo. Msimamizi ameingia msalani. Ana gazeti. Wenye shida naye wavute subira. Ahsanteni."

Ghorofa zote nne zilicheka. Msimamizi alitoka mbio, shati nusu ndani, nusu nje.

"Hii ni aibu! Mambo yangu ya siri!"

"Ya kwako ni siri," alisema Bibi, "ya kwangu ni habari?"

Msimamizi akachomekea shati. Akauliza, "Sasa tutamwitaje muuguzi?"

Mama Hoteli alikuwa amejikongoja nyuma yao. "Kwa peja, baba. Ni kifaa kidogo cha mfukoni. Mtu akibonyeza kitufe, kinatetemeka, kinaonyesha namba ya chumba. Hakihitaji intaneti wala kelele."

"Kuta hizi ni nene. Mawimbi yasipopita?"

"Usinunue kabla ya kujaribu. Muuzaji akuazime kimoja. Mmoja abonyeze chumbani, mwingine atembee na peja: ghorofa ya juu, ndani ya lifti, chumba cha kufulia kule chini. Ikinyamaza mahali, ongeza kifaa cha kusukuma mawimbi. Na uliza kama betri zake zinapatikana dukani."

"Na spika?"

"Ziache. Moto ukizuka, hapo piga kelele upendavyo."

Wakajaribu. Kwenye chumba cha kufulia peja ilinyamaza. Muuzaji akafunga kifaa cha kusukuma mawimbi kwenye ngazi, nayo ikatetemeka. Ndipo wakanunua.

Asubuhi peja zilipoanza kazi, Bibi alibonyeza kitufe, akatega sikio kwa shari. Spika kimya. Muuguzi aliingia, akafunga mlango, akauliza kwa sauti ndogo, "Nikusaidie nini, Bibi?"

Mwanawe alipokuja, alimkuta amekaa kitako, bilauri tupu mkononi.

"Maji," alisema Bibi. "Na ujaze! Hunyweshi kuku."