Uji wa Brightson

Ganda la kidonge lilielea juu ya uji, nusu nyekundu, tupu. Sekela alilitoa kwa kijiko, akalifunga kwenye pindo la kitenge, uji akaumwaga chooni. Alikuwa na mimba ya miezi minne, na mzaha wa aina hiyo hakuutaka.

Asubuhi hiyohiyo alifika duka la dawa la Zuena, Tandika.

"Rangi mbili hii," Zuena alisema. "Inaua vijidudu. Mjamzito hapewi, inaweza kumdhuru mtoto. Nani kakupa?"

"Ndiye ninayemtafuta."

Nyumbani walikuwa wanne. Mama mkwe ana mizizi yake ya dawa kutoka Tukuyu, lakini yeye hukupa mkononi, tena anakusimamia mpaka umalize. Na wifi yake Bupe wamenuniana tangu Pasaka, ila Bupe huyo haamki mpaka jua liwake. Akabaki Brightson, mumewe, mpishi wa uji wiki nzima sasa. Mwanamume asiyewahi kuchemsha hata maji ya kuoga! Majirani wanamwonea Sekela wivu. Halafu bia kaiacha ghafla, wala hajaokoka. Sekela alipoyaunganisha hayo, roho ilimuuma.

Kesho yake Brightson akaleta kikombe, anatabasamu. Sekela alikipokea, akamgeukia mama mkwe aliyekaa mkekani.

"Shikamoo Mama. Karibu uji, mwanao kapika mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alikuwa ameshakifikisha mdomoni Brightson alipokipiga kofi.

"Mama, usinywe!"

Uji ulitapakaa mkekani. Bupe akatokeza mlangoni, macho yamejaa usingizi.

"Kwa nini asinywe?" Sekela aliuliza.

"Una dawa."

"Ya nini?"

Brightson alitazama chini. "Kisonono. Mie nilitibiwa zahanati, wakanikataza pombe, wakaniambia nikulete. Ningeanzaje kukwambia? Nikaona nikutibu kimyakimya, yaishe."

"Ukaona bora mtoto wangu adhurike kuliko wewe uaibike."

"Mwanangu," Mama akaingilia, "haya ni ya ndani, tuyamalize humuhumu."

"Nakuheshimu, Mama, ila hili sinyamazi." Sekela alilitupa lile ganda miguuni pa mumewe. "Vaa viatu. Tunakwenda zahanati sasa hivi, wote wawili. Nesi akiuliza nani kaleta ugonjwa, utajibu wewe. Mie nitauliza habari za mtoto wangu."

"Sekela, saa hizi benchi limejaa majirani. Watatuona."

"Ndiyo maana nimevaa gauni la kanisani," alisema, akafungua mlango.